Bastola za shabaha zichunguzwe kabla ya kutiwa tanuruni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nimjibu msomaji mwenzangu wa Arusha ambaye katika safu hii alipendekeza kwamba silaha kuukuu zinazosalimishwa kwa polisi zitiwe zote tanuruni mara moja, bila kupoteza muda kuuliza ni za aina gani wala zilitoka wapi. Nakubaliana naye kuhusu magobore yanayoulia wanyama hifadhini, na kuhusu bunduki za kivita zilizopenya mipakani kutokana na vita vya majirani. Hizo ziyeyushwe, wala sitazililia. Lakini amezitia katika kapu hilo hilo bastola za kulengea shabaha, zile za zamani zinazobeba risasi moja tu, na kwa jinsi alivyoandika naona hajapata kuishika hata moja mkononi.

Mimi ni fundi mstaafu wa bunduki. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliimaliza katika karakana yenye leseni mjini Arusha, ambako riziki yetu ilitokana na bunduki nzito za kampuni za uwindaji, hasa za kipenyo cha .375 na .458 ya inchi, ambazo kila mwisho wa msimu huletwa zikiwa zimejaa vumbi la porini na vitako vimepasuka. Bastola zilikuwa chache, na za shabaha zilikuwa chache zaidi, ila ndizo zilizonifanya nianze kusoma, kwa sababu hakuna fundi anayeweza kuitengeneza bastola ya namna hiyo bila kuelewa kwanza aliyeibuni alikuwa akitafuta nini.

Bastola ya shabaha ya risasi moja haina magazini wala silinda ya kuzunguka. Ukiifungua unakuta tundu moja. Unaingiza risasi moja kwa kidole, unafunga, unatega, unalenga, unafyatua, kisha unaifungua tena na kutoa ganda ndipo uanze kuifikiria risasi ya pili. Mtutu wake ni mrefu, kwa nyingi za Kimarekani ni inchi 10, yaani zaidi ya sentimita 25, kwa hiyo haifichiki kirahisi chini ya shati. Jambazi hana haja nayo, na askari wa vitani hakupewa kamwe. Iliundwa kwa ajili ya mtu aliyesimama wima, mkono mmoja umenyooshwa, akitafuta kutoboa kikaratasi mahali pale pale mara nyingi mfululizo, na thamani yake yote imo katika jambo hilo moja.

Kwa nini wabunifu waliridhika na risasi moja wakati bastola za risasi sita zilikwishakuwepo? Jibu ni la kiufundi. Katika bastola ya silinda, risasi inakaa ndani ya silinda, wala si ndani ya mtutu. Kila unapotega, silinda huzunguka na lazima tundu lake lioane sawasawa na mdomo wa mtutu, na kati ya viwili hivyo hubaki upenyo ambao sehemu ya gesi hutorokea. Tofauti ndogo sana ya mwoano kati ya tundu la kwanza na la nne inatosha kuipeleka risasi pembeni. Katika bastola ya risasi moja, tundu limechongwa ndani ya mtutu wenyewe, risasi hukaa mahali pale pale kila mara, gesi yote husukuma mbele, na mlengaji akikosa hana wa kumlaumu ila mkono wake.

Mchezo wenyewe ulipata nguvu Ulaya. Mwaka 1845 fundi wa Paris, Louis-Nicolas Flobert, alichukua fataki ya kawaida, yaani kile kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa ili kuwasha baruti, na kuibandika kidonge kidogo cha madini ya risasi, bila kutia baruti yoyote, na kwa nguvu ya fataki peke yake watu wenye nafasi wakaweza kulenga shabaha kumbini mwao bila kuvunja kuta. Mwaka 1857 kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ikatoa risasi ndogo ya .22 yenye baruti ndani yake, na mwaka 1887 ikatokea ile ndefu zaidi ya .22 ambayo mpaka leo ndiyo risasi ya mazoezi duniani kote. Kubuniwa kwake kunahesabiwa kuwa kazi ya kampuni ya J. Stevens ya Chicopee Falls, Massachusetts. Stevens hao hao walitengeneza bastola za shabaha ambazo waliziita kwa majina ya watu waliojulikana katika mchezo huo, Lord, Conlin na Gould. Ukibonyeza kitufe kilicho ubavuni mwa kushoto, mtutu unainama mdomo chini na nyuma yake inainuka tayari kupokea risasi, na hadi leo sijaona njia rahisi zaidi ya kufungua bastola.

Smith & Wesson walifuata kwa bastola iliyotumia kiunzi cha bastola yao ya silinda ya kipenyo cha .38, wakaiuza kuanzia mwaka 1893, wakaiboresha mara mbili, na mwaka 1925 wakaleta nyingine iliyofanana kwa sura na bastola za kisasa za magazini ingawa ndani ilibeba risasi moja. Hii ya mwisho iliuzwa ndani ya kisanduku cha chuma, pamoja na bisibisi na ufito wa kusafishia mtutu, na wanunuzi hawakuipenda. Hadi uzalishaji wake ulipokoma mwaka 1936 zilikuwa zimetengenezwa zipatazo 1,870 tu. Leo wakusanyaji wanaitafuta kwa udi na uvumba, na bei ya ile iliyobaki na kisanduku chake, bisibisi yake na ufito wake haikaribiani hata kidogo na ya ile iliyo uchi. Colt nao walitengeneza ya kwao, wakaipa jina la Camp Perry, uwanja wa Ohio ambako mashindano ya taifa ya Marekani yamefanyika tangu mwaka 1907. Nayo ilitoka kwa idadi ya kama 2,500 kabla ya vita kuu ya pili kuisimamisha. Nawataja Webley & Scott wa Birmingham kwa haraka, ingawa kwa msomaji aliyewahi kuwa polisi wana jambo la kupendeza: Polisi wa London walipopokea bastola ya magazini ya kipenyo cha .32 mwaka 1911, kampuni hiyo ilitengeneza pacha wake wa .22 wa risasi moja, wenye umbo lile lile, ili askari wajifunze kulenga kwa risasi za bei nafuu.

Lakini walioifikisha bastola hii kwenye kilele chake ni Wajerumani na Waswisi. Katika miji ya Suhl na Zella-Mehlis, jimbo la Thuringia, karakana za familia zilitengeneza bastola ambazo mpini wake ulichongwa kufuata kiganja cha mwenyewe, na Hämmerli wa Uswisi waliendeleza kazi hiyo hadi nusu ya pili ya karne iliyopita. Shindano lao lilikuwa la mita 50: risasi 60, mkono mmoja, na duara la alama 10 lenye upana wa sentimita 5 tu. Lilianza katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900, na lilichezwa kwa mara ya mwisho kwa wanaume huko Rio mwaka 2016, ambapo Jin Jong-oh wa Korea Kusini alichukua dhahabu yake ya tatu mfululizo. Baada ya hapo likaondolewa kwenye ratiba. Kwa hiyo tunapozungumzia bastola hizi tunazungumzia vyombo vya mchezo ambao umekwisha kuondoka katika jukwaa lake kuu, na sioni kwa nini jezi ya mwanariadha ipate kabati la kioo na chombo cha mlengaji kipate tanuru.

Sasa nieleze kisa kimoja, kwa kuwa ndicho kilichonisukuma kuandika. Miaka mingi iliyopita askari alituletea karakanani, kwa hati kamili, bastola iliyosalimishwa na familia moja ya upande wa Usa River, ili tuthibitishe kama bado inafyatua. Ilikuwa imefungwa kwa kanga iliyochakaa. Mtutu ulikuwa wa pembe nane, mpini wa mti wa mjozi wenye egemeo la kidole gumba, na chini ya kifyatulio palikuwa na wenzo. Ukiusukuma wenzo mbele, bonge la chuma nyuma ya mtutu linazama upande wake wa mbele na kuliacha tundu wazi. Ukiurudisha, bonge linapanda, linaziba, na wakati huo huo chemchemi ya ndani inajitega. Huo ni mtindo wa Friedrich von Martini, Mswisi yule yule ambaye ufunguaji wake wa nyuma ulitumika katika bunduki ya jeshi la Uingereza ya mwaka 1871, ila hapa ulikuwa umepunguzwa hadi ukatosha kwenye kiganja.

Kifyatulio chake kilikuwa cha kutegwa. Pembeni palikuwa na kijiti ambacho ukikivuta unasikia mlio mdogo, na tangu hapo kifyatulio kinakaa kama mtego wa panya uliowekwa na mtu mwenye njaa: ukikigusa tu kimekwisha kuruka. Katika mashindano ya bastola ya mita 25 sheria hudai kifyatulio kisiachie chini ya uzito wa gramu 1,000, lakini katika ile ya mita 50 hapakuwa na kiwango cha chini kabisa, na mafundi wa Thuringia walijua kuitumia ruhusa hiyo. Niliijaribu bila risasi, kwa kipande cha ngozi ndani ili pini isigonge chuma. Baada ya yote iliyopitia, ilikuwa bado inaachia kwa mguso mwepesi kuliko chombo chochote nilichopata kushika tangu nianze kazi.

Ndani ya mtutu, hata hivyo, palikuwa pameharibika. Fataki za zamani zilitiwa klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Kwa hiyo bastola iliyofyatuliwa kabla ya fataki zisizo na chumvi kuenea, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, na isisafishwe kwa maji siku ile ile, ilianza kuliwa na kutu usiku ule ule. Ukizingatia masika ya Meru, hakuna ajabu kwamba ile mifuo ya ndani inayoizungusha risasi ilikuwa imebaki kama barabara ya changarawe. Tuliandika kwamba inafyatua, lakini haifai tena kwa shabaha.

Familia iliyoisalimisha ilisema ni ya zama za boma la Mjerumani, yaani kabla ya vita ya kwanza. Bastola yenyewe ilisema vingine. Chini ya mtutu palikuwa na alama ya taji juu ya herufi, ambayo ni alama ya majaribio ya Kijerumani, yaani ile inayogongwa silaha ikishajaribiwa na kukubaliwa, iliyoanza miaka ya 1890 na kuachiwa nafasi na alama ya tai mwaka 1940. Ubavuni palisomeka Zella-Mehlis, na mji wenye jina hilo haukuwepo kabla ya mwaka 1919, ulipoundwa kwa kuunganisha miji miwili, Zella na Mehlis. Basi bastola ile ilitengenezwa kati ya mwaka 1919 na 1940, haikuwezekana kuja na askari wa boma. Tunajua pia kwamba Waingereza waliwazuia Wajerumani kurudi Tanganyika hadi mwaka 1925, na kwamba vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 walowezi wa Kijerumani waliwekwa kizuizini na mashamba yao yakakabidhiwa kwa Msimamizi wa Mali za Adui. Babu wa familia ile alikuwa nyapara wa shamba la kahawa, na kwa masimulizi yao bwana shamba aliondoka siku moja asirudi tena. Masimulizi yalikosea vita, lakini yaliyobaki yote yaliingiana na chuma.

Namwomba msomaji mwenzangu alitazame jambo hili kwa makini. Alama moja chini ya mtutu na jina moja la mji ubavuni vilitosha kurekebisha historia ya familia, na kuiunganisha na jambo lililowapata watu wengi wa mashamba ya Meru na Kilimanjaro, ambalo vitabu vyetu vya shule hupita juu juu. Je, bastola ile iko wapi leo? Ilirudishwa ilikotoka, na kwa taarifa nilizopata baadaye iliangamizwa pamoja na magobore. Hakuna picha iliyopigwa wala namba yake haikuandikwa mahali popote ninapopajua, isipokuwa katika daftari langu la kazi.

Alama ni somo pana, nami nitataja chache tu. Herufi ELG ndani ya duara refu zinaonyesha Liège, Ubelgiji, na likiwepo taji juu yake ujue ni baada ya mwaka 1893. Namba ya kiwandani hutafutwa zaidi ya mahali pamoja, kwenye kiunzi, kwenye mtutu na mara nyingine ndani ya mpini, na mkusanyaji hutaka zote zilingane, kwa sababu namba zisipolingana maana yake ni kwamba vipande vya bastola mbili vimeunganishwa. Skurubu zenye midomo iliyopasuka humwambia kwamba fundi wa vichochoroni amepita. Na zaidi ya yote hutazama ile rangi ya buluu iliyokoza ambayo chuma kilipewa kiwandani. Ikiwa imefifia kwa umri, haidhuru. Ikiwa imeondolewa kwa msasa ili chuma king'ae, bastola imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake na aghalabu maandishi nayo yamekwenda. Nimeona watoto wa marehemu wakifanya hivyo kwa nia njema kabisa, wakidhani wanamheshimu mzee.

Kuna uharibifu mwingine usio wa nia njema. Katika miji yetu miwili, Arusha na Moshi, wako madalali wanaozunguka wakinong'ona kwamba chuma chochote cha Mjerumani kina zebaki ndani yake, au kwamba bastola kuukuu inauzwa kwa mamilioni kwa mzungu asiyejulikana anayelala hotelini. Nimewahi kuona mpini wa mjozi uliopasuliwa kwa patasi kutafuta zebaki hiyo. Ndani ya mpini wa bastola mna chemchemi, skurubu na uchafu, hakuna kingine. Na anayenunua bastola isiyo na kibali, hata akiwa mzungu wa hotelini, ni mhalifu, na anayemuuzia ni mhalifu mwenzake.

Hapo nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba ukongwe wa silaha ni kibali. Tunaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, na risasi ya .22, licha ya udogo wake, hutoka mdomoni kwa kasi ya kiasi cha mita 320 kwa sekunde na kumuua mtu aliye mbali. Mwenye bastola ya babu kabatini na asiye na kibali afanye jambo moja tu, atoe taarifa polisi. Asiifungue, asijaribu kuifyatua kwa risasi za leo, ambazo nyingi zina nguvu kuliko zile za baruti nyeusi ambazo kiunzi chake kilitengenezewa, na wala asiibebe kwenye daladala akidhani anaipeleka makumbusho. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu kwa hiari, na nchi yetu imekuwa ikiutumia. Hoja yangu inaanza baada ya silaha kufika mikononi mwa polisi.

Nchi zenye sheria kali kuliko yetu zimekwisha kulitafutia jambo hili njia. Uingereza ilipiga marufuku bastola mwaka 1997, baada ya mauaji ya watoto wa shule ya Dunblane ya mwaka 1996, na marufuku hayo yaligusa hata za .22 za shabaha. Pamoja na uchungu wote wa wakati ule, kifungu cha 7 cha sheria hiyo kiliacha mlango kwa bastola zenye uhaba wa pekee, uzuri, thamani ya kiufundi au umuhimu wa kihistoria, kwa sharti kwamba nyingi kati yake zitunzwe mahali palipoteuliwa na serikali na si nyumbani kwa mtu. Aidha, silaha inaweza kuzimwa kabisa na kugongwa alama ya nyumba za majaribio za London au Birmingham kuthibitisha kwamba haitafyatua tena. Marekani, ambako mambo ni rahisi mno kwa maoni yangu, sheria yao ya mwaka 1968 huihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa kitu cha kale, kwa hiyo bastola mbili za Smith & Wesson zinazofanana kama mapacha, moja ya mwaka 1897 na nyingine ya mwaka 1900, huangukia pande mbili tofauti za sheria. Hiyo ndiyo sababu wakusanyaji wa kule hukesha wakisoma namba za kiwandani.

Kwetu sisi kuna pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu kuwa masalia vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Bastola za shabaha ninazozizungumzia, karibu zote, ni za baada ya mwaka huo, kwa hiyo mbele ya sheria hiyo ni vyuma tu. Lakini sheria hiyo hiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza kitu fulani kuwa kitu cha kulindwa, na sidhani kwamba kinahitajika zaidi ya barua yenye maelezo ya kitaalamu na mahali pa kukiweka.

Mahali pa kukiweka tunapo. Makumbusho ya Elimu Viumbe ya Arusha yamo ndani ya boma lenyewe lililojengwa na Wajerumani mwaka 1900, mwaka ule ule ambao Mangi Meli, mtawala wa Wachaga aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa Old Moshi. Sitaki boma hilo ligeuzwe ghala la kusifia walowezi. Nataka kabati moja tu, lenye bastola chache zilizozimwa, ambamo kijana anaweza kuuona mtindo wa Martini ukiwa wazi ubavuni, aone jinsi bonge linavyozama, asome alama ya taji na jina la mji, na asome pia kwamba shamba ambalo bwana wake alipoteza risasi kwa kulenga kopo lilikuwa limechukuliwa kwa nani na kulimwa na nani. Walimu wa ufundi wa VETA wangeweza kuwaleta wanafunzi wao, kwa sababu uchongaji wa chuma uliomo ndani ya kifyatulio cha kutegwa ni darasa kamili la usahihi wa kazi ya mkono.

Msomaji mwenzangu ataniuliza kuhusu wezi. Bastola iliyozimwa vizuri haina cha kuibwa kwa ajili yake. Tundu la risasi hujazwa chuma na kuchomelewa, mtutu hukatwa mfuo kwa chini mahali pasipoonekana, pini ya kugongea fataki husagwa, na bonge la nyuma hukatwa uso wake kwa mteremko. Kwa nje inabaki ilivyokuwa, na fundi yeyote akijaribu kuifufua itamgharimu kuliko kutengeneza mpya. Kazi hiyo si ya mwezi. Kwa fundi mwenye leseni na mashine ya kuchomelea ni kazi ya siku moja, na inaweza kufanywa mbele ya askari mwenye dhamana ya ghala la silaha ili pasiwe na maneno baadaye.

Ninachoomba kwa mamlaka husika, kupitia safu yako, ni kidogo. Kabla ya silaha zilizosalimishwa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro kupelekwa kuangamizwa, mtu wa Shirika la Makumbusho ya Taifa aitwe pamoja na fundi mmoja mwenye ujuzi, wazipitie kwa saa chache mbele ya polisi. Bastola yenye mtutu mrefu, tundu moja na isiyo na magazini iwekwe kando. Ipigwe picha pande zote mbili na chini ya mtutu, namba na alama zake ziandikwe, na maelezo ya aliyeisalimisha yachukuliwe bila kumtia hofu, kwani mara nyingi ni mjane au mjukuu ambaye hajui hata jina la kitu alichokileta. Kisha izimwe na ipelekwe makumbusho, na zile zinazobaki, ambazo nina hakika zitakuwa nyingi sana, ziende zinakokwenda.

Daftari langu la kazi lina michoro na alama za bastola za shabaha zilizopita mikononi mwangu, pamoja na ile ya Usa River. Ofisi yoyote ya serikali itakayolihitaji kwa kazi hiyo itapewa nakala bila malipo, na macho yangu yakiruhusu nitakuja mwenyewe kuzisoma alama.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi mstaafu wa bunduki,
Majengo, Moshi